Mwanamke Aliyehesabu Watu wa Kona Mbao

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni punguza moto kidogo uvute kiti. Kama uko kule Moiben au Soy na redio umeitundika uani, ongeza sauti. Mimi ni Jemutai, na hii ni saa ya kuwakumbuka waliotutoka. Leo tunamkumbuka Mama Rosebella Musimbi wa Kona Mbao, hapa Eldoret. Muuza mboga. Mjane. Mama yake Brigid. Ametuacha akiwa na miaka hamsini na nane.

Narudia kwa wale wamefungua redio sasa hivi: Rosebella Musimbi, wa Kona Mbao.

Leo mnivumilie nikisoma polepole. Huyu mama nilimjua, na katika maisha yake kuna kosa moja ambalo nusu yake ni yangu. Nitalifikia.

Kona Mbao ni pale barabara ya kutoka upande wa Langas inapopinda, penye wapasua mbao. Mboga huku, viatu vya mitumba kule, moshi wa mahindi ya kuchoma katikati. Wengi wa wakazi wake walitoka magharibi kuja kutafuta kazi. Mama Rosebella alifika mwaka wa tisini na tatu kutoka Malava, kwa kina mume wake, Brigid akiwa mgongoni. Mume wake, Maurice, alikuwa fundi wa mbao. Maurice alifariki mapema, na mama akabaki na mtoto na mikono yake miwili.

Miaka kumi na mmoja alifua nguo Elgon View. Alitoka kwa miguu saa kumi na moja na nusu asubuhi mpaka kwenye zile nyumba kubwa zenye miti, na jioni akarudi kwa miguu. "Magoti yangu niliyaacha Elgon View," alikuwa anasema, halafu anacheka mpaka mboga anazochambua zinamwanguka mapajani. Magoti yalipokataa kabisa, akaketi pale kona kuuza mboga za kienyeji, mrenda na saga. Lakini kila asubuhi aliwaona wenzake wakipita kwa makundi, mvua inanyesha, viatu mkononi, na ilimuuma. Alisema siku moja wakileta kitu cha kubeba hawa watu, yeye ndiye atapiga vigelegele vya kwanza.

Basi, miaka mitatu iliyopita tukasikia habari za tramu. Gari la reli la mjini, linalopita barabarani, kutoka upande wa Langas, lizunguke Elgon View, liingie katikati ya mji. Mchoro ulikuwa mzuri, nyinyi wenyewe mliuona. Steji, vile vituo vya kupandia, zilikuwa bado kupangwa. Watu wa mradi wangekaa barabarani siku moja nzima, wahesabu wanaotembea na wanaofanya biashara. Penye watu wengi, steji. Pasipo na watu, tramu ipite tu. Sisi hilo hatukulijua wakati ule.

Na hapa ndipo ninaingia mimi. Tangazo lao nililisoma mimi, kwa mikrofoni hii hii. Lilisema: "Maafisa watapita barabarani Jumanne. Wananchi wanaombwa kushirikiana." Basi. Halikusema wanakuja kufanya nini, na mimi sikuuliza. Nikasoma, nikaweka wimbo.

Sasa wewe muuza mboga wa Eldoret niambie. Ukisikia maafisa wanapita, unafanya nini? Unakunja gunia. Unafagia. Unajitoa njiani mpaka waende zao, kwa sababu umezoea kwamba wenye makaratasi wakija, kesho yake meza zinavunjwa. Mama Rosebella ndiye alikuwa mwenyekiti wa wauzaji pale. Jumatatu jioni alizunguka akiwaambia, "Kesho sitaki kuona hata jani la sukuma hapa. Na nyinyi wa kufua, tokeni saa kumi na moja kamili, mpite kabla hao watu hawajafika. Wakipata tuko safi, watatuacha."

Walimtii wote. Jumanne hiyo Kona Mbao ilifagiwa ikamwagiwa maji, na hapakuwa na mtu. Wahesabu wawili walikaa pale na mwavuli wao kuanzia asubuhi mpaka jioni. Waliandika watu arobaini na mmoja.

Na wale wamama wa kufua? Walifika Elgon View, wakakuta wahesabu wengine getini, wakahesabiwa huko. Ripoti ilipotoka, Elgon View, ambako kila nyumba ina magari mawili matatu, imepewa steji mbili. Kona Mbao haikupewa hata moja. Mimi nilipoisoma nilicheka. Halafu nikakumbuka lile tangazo, na kicheko kikaniisha.

Ripoti ile ilisomwa pale kwa wapasua mbao na Mwalimu Kipyego. Huyu ni mwalimu mstaafu, mtu wa Moiben, amepanga nyumba nyuma ya kona miaka mingi. Aliniambia hivi: "Nilipofika kwa arobaini na mmoja, Rosebella aliweka mboga chini. Akaniuliza hiyo ilikuwa siku gani. Nikamtajia tarehe. Akasema, 'Mwalimu, ni mimi. Ni mimi niliwafukuza watu.' Akasimama, akawaambia wamama wote hivyo hivyo."

Angeweza kunyamaza, wasikilizaji wapendwa. Wote wangelaumu mradi, na maisha yangeendelea. Mimi mwenyewe nilinyamaza miezi mizima.

Mwalimu alimweleza kwamba pingamizi inaweza kuandikwa, na kutakuwa na kikao cha kuisikiliza, lakini lazima alete hesabu yake. Mama Rosebella na kalamu hawakuwa marafiki. Akachukua bakuli la mahindi na debe tupu. Kuanzia mwisho wa Mei mwaka huu, kila asubuhi ya kazi, saa kumi na moja hadi saa mbili, aliketi pale njiani. Ukipita, unachukua punje moja kwa bakuli, unaitupa kwa debe. Saa mbili Mwalimu anamwaga debe, anahesabu kwa mafungu ya mia, anaandika kwa daftari.

Vijana walianza kumchezea. Mmoja akatupa konzi nzima, akisema, "Mathe, si hiyo itatuletea steji haraka?" Mama alimfanya ainame azitoe zote. "Weka moja," akamwambia. "Hesabu ya hapa nilishaiharibu mara moja. Sirudii."

Alihesabu wiki kumi na mbili. Siku ya watu wachache kabisa ilikuwa elfu moja mia nane na sabini. Siku ya wengi, elfu mbili mia tatu na nne. Ripoti ilisema arobaini na mmoja.

Lakini mnaijua Julai ya Eldoret, na Agosti yake. Baridi, manyunyu, ukungu mpaka saa tatu. Mama akaanza kukohoa. Brigid aliniambia maneno ambayo bado yananisumbua. "Nilimwambia, Mama, leo lala, nitakaa mimi. Akaniangalia akasema, 'Wewe hukuwafukuza.'" Akachukua bakuli lake akaenda.

Daftari la wiki ya kumi na mbili lilifungwa Ijumaa, na Mwalimu akapeleka pingamizi. Jumapili alipelekwa hospitali, mapafu yamejaa. Jumatano akatuacha.

Familia ya Malava ilipanga mazishi, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Jamaa wa mbali wakajulishwa, kila kitu kikawekwa sawa. Halafu ile Alhamisi kabla ya mazishi, barua ya mradi ikafika. Pingamizi ya Kona Mbao itasikilizwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Jumamosi ile ile.

Mnajua desturi ya watu wa Kona Mbao. Mwenzao akifia huku, wanamsindikiza mpaka kwao. Mabasi yanajaa, watu wanasimama. Ukimrudisha mtu nyumbani na watu wachache, kule watauliza aliishi vipi na wenzake. Ni aibu, na aibu hiyo inabaki na watoto wake. Jioni ile walikutana kwa wapasua mbao, na wengi walisema mambo ya steji yangoje, kwanza tumpeleke mama.

Brigid akasimama, na leso ya mama yake mabegani. "Mkija wote Malava, Jumamosi hapa patakuwa tupu tena," akasema. "Mama amekufa akijaribu kupajaza. Tafadhali, bakini."

Walilia, wengine kwa sauti. Lakini walibaki.

Ijumaa asubuhi gari la maiti lilisimama pale kona. Watu walikuwa wamepanga laini kuanzia kwa mitumba mpaka kwenye mbao. Brigid alisimama kando ya jeneza la mama yake na kikapu, na kila aliyepita kuaga akatupa humo punje moja ya mahindi. Wakamaliza. Brigid akaondoka na watu kumi na mmoja.

Jumamosi saa nne ukumbi ulijaa mpaka nje. Nami nilikuwepo. Mwalimu Kipyego aliweka daftari na debe mezani. Afisa akauliza kwa upole, "Mwenye pingamizi yuko wapi?" Mwalimu akasema, "Anazikwa leo." Ukumbi wote ukasimama, hakuna aliyeuambia usimame. Afisa alivua miwani, akaandika muda mrefu. Akasema tutajibiwa kwa barua.

Na kule Malava? Mzee Shitanda, kaka mkubwa wa marehemu Maurice, ndiye alikuwa mwenye boma. Nilimpigia simu, na mzee hakunificha. "Niliona gari moja tu linaingia," akasema. "Nilikasirika kabisa. Huyu mama amekaa kwenu miaka thelathini na mbili, na mnaniletea watu kumi na mmoja?" Aliuliza hayo pale kaburini, mbele ya watu wote. "Brigid, watu wa mama yako wako wapi?"

Brigid akaweka kikapu miguuni pake. "Baba mkubwa, hawa hapa. Ni elfu moja mia sita na kumi na wanne. Nimewahesabu njiani." Akamweleza kwa nini walibaki. Kisha akainua kikapu awamwage kaburini, wamsindikize mama yake.

Mzee akamshika mkono. "Hapana," akasema. "Watu walio hai hawazikwi."

Akakibeba kikapu mwenyewe mpaka nyumbani. Siku ya tatu, mvua ilipokuja, alizipanda punje zile nyuma ya nyumba ya Maurice. Juzi aliniambia zimeota.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Brigid. Pole kwa Mzee Shitanda na boma lote la Malava. Pole kwa Mwalimu Kipyego, ambaye bado anaamka saa kumi na moja kwa mazoea. Pole kwa wamama wa kufua na wauza mboga ambao hawakutupa udongo juu ya mwenzao. Na nyinyi watu wa Kona Mbao, nawaomba msamaha. Ningeuliza swali moja tu siku ile, "Wanakuja kufanya nini?", labda Mama Rosebella angekuwa kwa mboga zake leo. Sasa kila tangazo linaloletwa hapa nauliza. Nawe uliza, hata kama aliyeleta amekunja uso.

Tumemkumbuka Rosebella Musimbi. Muuza mboga, mama yake Brigid, mwanamke aliyehesabu watu wa Kona Mbao. Hii ni wiki ya sita na barua haijafika. Brigid ameanza kuketi pale na bakuli la mama yake, asubuhi za kazi, saa kumi na moja hadi saa mbili. Kesho ukipita pale, simama kidogo. Weka punje moja. Usiweke mbili.