Kwetu Kutoka Darajani

Kijana wa kiti cha mbele yangu kwenye basi alikuwa akimlalamikia jirani yake tangu tunatoka Saigon. “Hilo daraja jipya limeua kivuko, mama mdogo. Mama yangu sasa atamuuzia nani mananasi?”

Jirani huyo, mwanamke mwenye kapu la bata, akamcheka. “Mimi nusura nizalie kwenye foleni ya hicho kivuko chako! Acha kulia, tazama chini.”

Tulikuwa katikati ya daraja, juu ya Mto Hậu. Kijana akatazama, akabaki mdomo wazi. “Nimezaliwa pale ukingoni, sijawahi kupaona pote kwa pamoja.” Hata bata walinyamaza, nadhani kwa heshima.

Basi liliposimama ng’ambo, bado alikuwa anabisha kwamba kivuko kilikuwa bora. Ila kichwa kilishatoka dirishani, akimwita muuza mananasi aliyekuwa anatukimbilia: “Mama! Umeshawahi kupaona kwetu kutoka juu?”