Nyasi za Meneja

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya Jepchumba lilikuwa kukung'uta mfuko wa nyasi kavu juu ya kizimba cha chinchila wake, kupiga chafya, na kusema mfuko unakaribia kuisha. Usiku ule presha ilimpanda, akakimbizwa hospitalini, na hakurudi tena nyumbani. Wiki kadhaa baada ya mazishi mfuko uliisha kweli. Ndipo mumewe, Kipkirui, mhadhiri wa takwimu ambaye hakuwahi kulisha hata kuku, alipotoka kwenda kwenye benchi lililo nje ya kinu cha kusaga unga pale mtaani Munyaka, mahali Aloo anapouza kahawa ya tangawizi. Chinchila ni mnyama mdogo wa kijivu, mwenye masikio ya panya na mkia wa kuchakulo. Huyu Jepchumba aliachiwa na mwalimu mwenzake wa kigeni aliyerudi kwao, naye akamwita Meneja, kwa sababu alilala mchana kutwa na bado alilishwa.

— Hajala vizuri tangu juzi, Kipkirui alisema kabla hata ya kuketi. Nimempa nyasi za uani, akazipa mgongo. Nikanunua zingine sokoni, akazikojolea. Naomba ushauri.

Kwenye benchi lile hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuomba ushauri. Ulitolewa tu. Wazee watatu waliweka vikombe chini.

Wa kwanza alikuwa Kimeli, mfugaji kutoka Ainabkoi, aliyeitwa Lita kwa sababu alipima kila kitu duniani kwa maziwa.

— Mwalimu, mpe lucerne, yale majani ya ng'ombe wa maziwa. Mimi nilimbadilishia ng'ombe wangu Freshiani chakula, akapanda lita nne.

— Huyu hatoi maziwa, Lita.

— Si ndiyo nakuambia! Hajapata lucerne.

— Ni dume.

Lita alifikiri kidogo.

— Basi atanenepa.

— Kitabu cha Jepchumba kinasema lucerne ni nzito mno kwa chinchila aliyekomaa. Kalsiamu yake inaleta mawe kwenye kibofu. Anataka nyasi za kawaida, kavu, zenye nyuzi nyingi. Huko kwao wanampa nyasi inaitwa timothi.

— Timothi wa hapa tuko naye kwa kwaya tu, alisema Wabuge.

Huyu walimwita Daktari. Aliwahi kubeba magunia katika duka la dawa za mifugo, na tangu siku hizo hakuna aliyemshinda kwa matibabu.

— Shida si nyasi. Shida ni ladha. Nyunyizia molasi. Hata kuni, ukinyunyizia molasi, ng'ombe anakula.

— Sukari itamuua, Daktari.

— Basi nyunyizia kidogo. Afe polepole.

— Wabuge! Lita alimkemea, akimwangalia Kipkirui kwa pembe ya jicho.

— Pole, Mwalimu. Ulimi umeteleza.

— Si kitu, alisema Kipkirui.

Khisa alikohoa. Alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu, na pale benchini aliitwa Korti. Hakusema mpaka wengine wanyamaze.

— Mnyama ametoka wapi?

— Milima ya Amerika Kusini. Juu sana.

— Haya. Wanariadha wanatoka Ulaya kuja kulala Iten kule juu, kwa nini? Hewa. Sasa nyinyi mnataka kumlisha mnyama wa mlima nyasi za bondeni! Nyasi itoke juu. Tena, Mwalimu, itoke kwa shamba halina kesi.

— Kesi inaingiaje hapo? aliuliza Lita.

— Mimi nimeandika kesi za mashamba maisha yangu yote. Ng'ombe wa shamba la kesi hanenepi. Umewahi kuona amenenepa?

— Wangu amenenepa, na ndugu yangu amenishtaki.

— Ngoja hukumu.

— Mimi naona ni upweke wa lugha, Daktari alidakia. Huyo amezoea Kizungu. Mwekee redio ya Kizungu, kando yake uweke nyasi yoyote. Atakula akisikiliza habari.

Aloo aliinamisha birika na kumimina tone la mwisho kwenye kikombe cha Kipkirui. Kipkirui alikizungusha mikononi bila kunywa.

— Watu wakinipigia simu kuuliza naendeleaje, nawaambia Meneja anakula, alisema. Kule nyumbani tunapumua sisi wawili tu. Sitaki kubaki mimi peke yangu.

Lita alivuta kofia mbele. Hapo ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa ameegemea mlango wa kinu alipogeuka. Aliitwa Mideva, mgeni mtaani, na alikuwa akingoja unga wake.

— Samahani, wazee wangu. Mimi ni mpita njia tu. Huyo mnyama, nani kati yenu ameenda kumwona?

Daktari alimwangalia Korti. Korti alimwangalia Lita. Lita alichungulia ndani ya kikombe kitupu kana kwamba jibu limezama humo. Nyumba ya Kipkirui ilikuwa nyuma ya kinu kile kile, na bati lake lilionekana kutoka benchini.

— Tuliona si vizuri kukusumbua, Lita alisema mwishowe. Kule mazishini ulisema unataka kupumzika.

— Nilisema.

— Basi tukakuacha upumzike.

— Nimepumzika, alisema Kipkirui.

Korti alisimama, akajikung'uta suruali.

— Korti lazima itembelee eneo la tukio. Kesho.

— Mje asubuhi mapema, kabla Meneja hajalala.

Wakakubaliana kila mmoja aje na nyasi yake, mnyama mwenyewe akate shauri. Lita alienda kwenye pikapu yake, akachomoa konzi ya nyasi kavu za boma rhodes iliyokuwa katikati ya mitungi ya maziwa.

— Hii si chakula. Ni ya kuzuia mitungi isigongane. Mtandikie alalie leo. Lucerne ya ukweli naleta kesho.

Asubuhi iliyofuata Kipkirui aliamshwa na sauti ya meno madogo yakikata mabua. Meneja alikuwa amekula nusu ya kitanda chake na alikuwa akiendelea bila haraka. Ilikuwa boma rhodes ya kawaida, ile inayojaza maghala yote ya Uasin Gishu.

Kipkirui alichukua simu awaambie wenzake kwamba shida imeisha na wasihangaike. Akafika kwenye jina la Lita. Akairudisha simu mfukoni. Alisubiri Meneja ashibe kabisa, kisha akaokota mabua yote yaliyobaki, moja moja, akayafungia ndani ya mfuko na kuuficha nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Akafungua mapazia ya sebule. Akabandika maji ya chai ya watu wanne.

Walipobisha hodi alifungua akiwa amekunja uso.

— Bado hajala, aliwaambia. Karibuni ndani.