Daftari Limejaa

Basi la Karen lilipokuwa likipanda Barabara ya Ngong, Mwalimu Gathoni aliacha kusahihisha insha, akawasikiliza vijana wawili wa kiti cha mbele. Walikuwa wakienda saiba kucheza mchezo wa kompyuta, wakimwongoza shujaa mmoja ambaye daftari lake hubeba kazi ishirini tu.

"Yule mlinzi wa daraja ni kisirani, bana," alisema Viraj. "Ukipita tu, anakutwika kazi. Na daftari imejaa. Leo tunafuta ile kazi ya taa."

"Ya taa haifutwi," Kimotho alijibu kwa ukali. "Tulianza na Maina kabla aende Kanada. Ukifuta, inarudi ziro. Na alisema tumngoje."

"Mwaka mzima, Kim! Ameandika hata mara moja?"

Gathoni, ambaye Jumapili alitangazwa kanisani kuwa katibu wa kamati ya harusi bila kuulizwa, alimfahamu vyema yule mlinzi wa daraja.

"Adams, mshuke!" makanga aliita basi lilipofika kituoni.

"Sasa tunafuta ama hatufuti?" Viraj aliuliza, akiinuka.

Kimotho alishuka wa kwanza na kushika njia ya saiba, karibu akimbie, ili aifikie kompyuta kabla ya mwenzake, kazi ya taa isije ikafutwa.