Tundu Nililokataa Kuliziba

Wazee wangu, shikamooni. Wapendwa, Bwana asifiwe. Nimeitwa mbele nishuhudie, na mwalimu wetu wa dini ameniomba kwa upole nisitaje mtu. Mwalimu, niwie radhi, nitataja. Mimi nilipoitwa mwongo, niliitwa kwa jina langu.

Wezi wangu walikuwa wawili. Mmoja Byarugaba, aliyekimbilia Uganda. Mwingine Katabaro, shemeji yangu, mtoto wa baba mdogo wa marehemu mume wangu. Huyo yupo. Amekaa pale karibu na mlango, mkono wa kulia kauficha ndani ya kanzu. Msigeuke wote kwa pamoja, jamani, benchi litaanguka.

Mume wangu aliniachia kibanja cha migomba na kahawa hapa Mabira, nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi hadi chini, na ng'ombe mmoja. Mavuno ya kwanza ya ujane wangu nilianika kahawa mwenyewe, nikajaza magunia, nikayapanga nyuma ya kitanda. Jumapili nikaja hapa kanisani kama ninyi. Kurudi, nyasi za nyuma ya nyumba zimekatwa, tundu la kupita mtu mzima. Kahawa hakuna.

Nikapiga yowe. Wengi wenu mlikuwa bado njiani mnazungumza. Aliyefika mbio ni Katabaro, na nyasi mpya begani! "Shemeji, tuzibe haraka," akasema. "Jua likizama nyumba ikiwa na tundu, kifo kitaingia." Mnajua kwetu ndivyo tunavyoamini. Hata sisi wa kanisani tunaamini, msinitazame hivyo. Nikamshikia nyasi kwa mikono hii, yeye akafunga. Kisha nikamshukuru kwa rubisi, kibuyu kizima. Mwalimu, hiyo ilikuwa kabla sijaacha pombe.

Nilipolifikisha shauri barazani kwa wazee, nani alisimama? Yeye yule. "Tundu liko wapi? Nyumba nzima hii! Kahawa kaiuza kwa siri, sasa analia wizi. Kibanja kirudi kwa ukoo." Nikasema, tazameni nyasi mpya. Wakanijibu kila nyumba ina kiraka. Nikaonywa: nikija tena na maneno kama hayo, narudishwa kwa wazazi wangu mikono mitupu.

Ndugu zangu, nawaambia, nilianguka. Nilikuja hapa nikapiga magoti, lakini sikusali, nilikuwa nasikiliza nyumba yangu kwa mbali. Nikipika, chakula kinalala chunguni. Mpaka siku moja nikiwa shambani nafyeka nikajiuliza: zile nyasi Katabaro alizikata lini? Yowe langu lilimkuta tayari kazifunga mzigo!

Tangu hapo nilianza kula.

Mavuno mengine yalipofika, Jumapili nilijifunga kanga yangu nzuri, nikapita barabarani nikisalimia kila mtu. Kisha nikarudi kwa siri, kupitia migombani. Nikaketi nyuma ya kitanda na mundu wangu wa kukatia majani ya migomba. Sikukaa sana. Nyasi zikaanza kulia, kra, kra.

"Nani huyo?" Nyasi zikazidi kulia.

"Mimi nimo ndani. Rudi ulikotoka."

Byarugaba akacheka huko nje. "Ingia, bwana! Si mwanamke peke yake?"

Mkono ukaingia na panga. Nikaukata.

Byarugaba hakungoja hata kuuliza kimetokea nini. Nikapiga yowe, safari hii jirani yangu mama Kokugonza akawahi, na mumewe. Ukoo nao ukafika, umebeba nini? Nyasi! "Ziba kwanza, maneno baadaye!" Mama mkwe analia, "Mwanangu, utatuua sote!" Nikakaa ndani ya lile tundu, miguu nje. "Sizibi. Kifo kikitaka kuingia kipite juu yangu. Wazee waone kwanza."

Jua likazama, tundu wazi. Mama Kokugonza na mumewe wakakesha nami na mkuki. Asubuhi wazee wakaja, wakaona nyasi zimeangukia ndani, damu juu yake, na panga la Katabaro chini ya kitanda changu.

Naye barazani alikuwa na uso wa kudai ng'ombe wangu awe fidia ya mkono! "Nilikwenda kumsalimia shemeji."

Nikamwuliza, "Tangu lini unanisalimia kwa panga, nyuma ya kitanda?"

Baraza zima lilicheka. Ng'ombe hakutoka zizini, wala mimi sikutoka kibanjani.

Mama Kokugonza, simama wakuone. Mungu akulipe, wewe na mzee wako, maana mlikesha penye tundu ambalo ukoo wangu ulilikimbia. Na ninyi wajane, sikieni. Mwizi akitoboa nyumba, msishike nyasi kabla macho ya watu hayajaona. Akiwakuta ndani, semeni mpo, mpeni nafasi ya kurudi. Akiingia hata hivyo, ile ni nyumba yenu, msiombe ruhusa ya mtu.

Wengine huniuliza kama nimeutubia ule mkono. Sijautubia. Nimemsamehe mwenye mkono, basi.

Katabaro, shemeji, inua uso. Mlango wangu uko mbele, unatazama barabara. Piga hodi, nitakutandikia mkeka, nikupe punje za kahawa utafune kama mgeni mwingine yeyote. Ukipita nyuma, mundu ni uleule, na jana nimeunoa.