Mwalimu Nehemiah Ombui na Ardhi Iliyogandamana, 1931–1977

Marehemu Nehemiah Ombui alizaliwa tarehe 3 Juni 1931 hapa Manga, mtoto wa kwanza wa mzee Nyamongo na mama Esnah. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake, Momanyi. Mama yao alifariki wakiwa bado wadogo, na Nehemiah ndiye aliyemkorogea mdogo wake uji wa wimbi asubuhi na kumshika mkono hadi shuleni.

Alisoma shule ya misheni, akabatizwa Mwadventista mwaka 1948, kisha akajiunga na chuo cha kilimo. Mwaka 1952 aliajiriwa kuwa bwana shamba, akaanzia Nyaramba, halafu Kebirigo. Wakulima walimwita Mwalimu.

Tarehe 14 Desemba 1955 alimwoa Persis, binti wa mzee Mogaka wa Kebirigo. Siku aliyokwenda kujitambulisha alichelewa kuingia ndani, kwa sababu alikuwa amepitia kwenye shamba la wimbi la mzee na kuanza kuchambua udongo kwa vidole. Mzee alimkuta hapo, viatu vimejaa matope, akamuuliza, "Kijana, umekuja kuoa binti yangu au shamba langu?" Persis aliisimulia habari hiyo maisha yao yote.

Baada ya Uhuru alihamishiwa Borabu, ambako familia zilikuwa zimegawiwa ardhi. Momanyi naye alipata shamba huko. Ardhi ilikuwa tambarare, trekta ingeweza kuingia, na Nehemiah aliiamini trekta kwa moyo wote.

Mwezi Machi 1968 mvua iliwahi. Momanyi alimuuliza, "Kaka, udongo bado umelowa. Si tungoje kidogo?"

"Wewe lima tu," Nehemiah alimjibu. "Ukingoja, wenzako watakuwa wameshapanda."

Trekta ikaingia kwenye tope. Msimu uliofuata ikaingia tena, ikalima kina kile kile. Kufikia mwaka 1969 mahindi ya Momanyi yalidumaa usawa wa magoti, yakawa ya njano. Mvua ikinyesha, maji yanatuama juu. Jua likiwaka wiki moja, mimea inanyauka. Wengine walilaumu mbegu, wengine wakanong'ona kuhusu uchawi.

Nehemiah alichukua sepetu akachimba shimo katikati ya shamba hilo. Hakuwa amefika mbali, shubiri moja tu, sepetu ilipogonga tabaka gumu kama sakafu. Mizizi ilikuwa imefika hapo, imeshindwa kupenya, imepinda kando. Akavuka ua hadi kwa jirani, mama Drusilla Nyangate, mjane aliyelima kwa jembe la meno. Mahindi yake yalikuwa yamempita mtu kimo. Alipochimba huko, udongo uliachia bila shida na mizizi ilishuka moja kwa moja.

"Mama, wewe unafanyaje?" alimuuliza.

"Sifanyi kitu, Mwalimu. Udongo ukinata kwenye jembe, narudi nyumbani. Ukiacha kunata, nalima."

Alirudi kwa mdogo wake akamwambia, "Si mbegu, wala si uchawi. Ni mimi. Trekta imeugandamiza udongo ukiwa umelowa."

"Nilikuuliza, kaka," Momanyi alisema. "Nilikuuliza."

Tangu hapo kila Jumapili ya kiangazi Nehemiah alikuwa kwenye shamba hilo na mtaimbo na jembe la meno, akilivunja lile tabaka kipande kwa kipande. Kiangazi kizima kilimpa eka moja. Momanyi hakungoja. Mwaka 1971, baada ya mavuno mengine mabaya, alichukua mke na watoto akahamia Trans Mara bila kuaga. Nehemiah alimwandikia barua nyingi. Hazikujibiwa.

Miaka iliyobaki alizunguka kwa wakulima akiwafundisha kufinya udongo kiganjani kabla ya kuita trekta: ukifanya donge lisilovunjika, wangoje. Aliwahimiza pia wabadilishe kina cha kulima kila msimu, ili tabaka gumu lisijengeke chini. Katika kila mkutano alianza kwa kusema kwamba shamba la ndugu yake liliharibiwa na ushauri wake. Persis alimsihi aache kulisema hilo. Hakuacha.

Mwaka 1976 miguu ilianza kuvimba, na madaktari wakasema ni moyo. Mwezi Agosti mwaka huu wa 1977, alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, alimwita binti yake Jemimah amwandikie barua. "Mwambie baba yako mdogo simwiti kwa habari za shamba," alisema. "Nataka kumwona tu."

Alifariki Jumanne tarehe 6 Septemba 1977, saa nne asubuhi. Barua ilimfikia Momanyi siku hiyo hiyo. Aliondoka papo hapo, na Alhamisi akaingia nyumbani akiwa nayo mkononi, akawakuta watu wamekaa uani.

"Aliniulizia?" alimuuliza Persis.

"Kila siku, shemeji."

Marehemu ameacha mjane, Persis, watoto watatu, Jemimah, Orpah na Makori, wajukuu wawili, na ndugu yake wa pekee, Momanyi, ambaye tangu Alhamisi hajala wala hajazungumza na mtu.

Alale kwa utulivu, hadi Bwana atakapomwita asubuhi ya ufufuo.