Mama Kona na Dirisha la Uani

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Ofisi imeniomba mimi, muuguzi wa wodi ya wanaume, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, na imesisitiza uwe mwepesi na wa kufurahisha. Nitajitahidi. Nikishindwa, lawama apewe mstaafu mwenyewe, maana ndiye aliyetufundisha kwamba kidonda kinasafishwa kwanza, bandeji baadaye.

Wengi wetu hatumwiti kwa jina lake. Tunamwita Mama Kona, kwa sababu ya kona za shuka. Kitanda kilichotandikwa na yeye shuka lake linakunjwa pembeni kama bahasha, na ole wake mwanafunzi aliyechomeka shuka chini ya godoro kama anaficha kitu. Alikuwa akipita na kidole kimoja tu, anavuta kona, ikifunguka anaondoka zake. Mwanafunzi alijua la kufanya. Wapo madaktari leo, watu wazima wenye vitambi, ambao hadi sasa wanatandika hivyo nyumbani kwao, na wake zao wanatushukuru.

Alianzia chumba cha kujifungulia, akahamia kwa watoto, kisha akakabidhiwa wodi ya wanawake na hakutoka tena. Wagonjwa wote kwake walikuwa ndugu: mama, dada, shangazi, bibi. Mgonjwa mkorofi alimwita wifi. Mtu akishaitwa wifi, wodi nzima ilijua leo kuna kazi.

Kisha likaja lile gonjwa la mlipuko. Nalitaja kwa sababu ofisi imeniomba nitaje "mchango wake katika kipindi kigumu". Kigumu ni neno la kwenye hotuba. Kipindi kile tulivaa mavazi ya kujikinga ya plastiki hadi jasho likajaa kwenye glavu, tukavaa barakoa moja siku nyingi mpaka masikio yakachubuka. Mjini watu walitupigia makofi wakiwa kwenye baraza zao, wakatuita mashujaa. Shujaa huyohuyo akifika dukani aliambiwa asimame pale pale nje, ataletewa. Jirani wa Mama Kona, waliyekuwa wakiombana chumvi, alianza kuzunguka nyumba ili asikutane naye mlangoni. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hapigi makofi kwanza.

Nimeombwa kichekesho, nacho kipo. Ndani ya mavazi yale hakuna aliyemjua mwenzake. Siku moja daktari bingwa, mkuu wa idara, aliona tumezidiwa, akaingia kusaidia kubadilisha mashuka. Mama Kona akapita na kidole chake, akavuta. "Wewe kijana, hii kona umefundishwa na nani?" Yule bwana akatandika upya. Akavuta tena, akatandika tena. Walipokutana kwenye chumba cha kuvulia, daktari akavua barakoa, akacheka, akajitambulisha. Mama Kona akamwamkia kwa heshima zote, kisha akamwambia kwamba na ile ya pili bado.

Sasa nije kwenye dirisha, maana bila dirisha wasifu huu ni porojo.

Ndugu walikatazwa kabisa kuingia wodini. Wagonjwa walikuwa wakifa huku wakituuliza sisi, watu wa plastiki wasio na sura, kama mama amekuja, kama watoto wamekula. Wodi zetu mbili, ya kwake chini na ya kwetu ghorofa ya kwanza, zina madirisha yanayotazama ua wa kufulia, kule kunakoanikwa mashuka. Mama Kona akageuza vitanda. Vichwa vilivyokuwa ukutani akavielekeza ili macho yaangukie dirishani, akawaambia ndugu waje wasimame uani, kati ya kamba za nguo. Na akawapa sharti moja: "Vaeni rangi ya kuwaka. Mgonjwa macho yake hayana nguvu, sura hataiona, rangi ataiona." Nasi wa juu tukamuiga.

Basi ua ule ukawa kama kuna harusi kila siku. Watu walikuja na magauni mekundu, mashati ya kijani, kuna baba mmoja alikuja amejifunga pazia la rangi ya machungwa. Sisi tuliwainua wagonjwa mkono, wakapunga. Wengine ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kupunga. Hatukuwa na dawa ya gonjwa lile, nasema kweli. Tulikuwa na oksijeni kidogo na dirisha.

Ndipo mtu mmoja akapiga picha ya mgonjwa kutokea uani, ikasambaa kwenye simu. Uongozi ukatoa amri kwamba kwa ajili ya faragha ya wagonjwa vioo vyote vya upande wa ua vipakwe rangi nyeupe. Fundi akapaka kwa ndani, maana ngazi ndefu haikuwepo. Hakuna aliyeuliza wagonjwa kama wanaitaka faragha hiyo. Madirisha ya ofisi za utawala, nayo yanatazama ua uleule, hayakupakwa. Yana mapazia mazuri.

Wiki hiyohiyo mume wa Mama Kona alilazwa kwetu, wodi ya wanaume. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa utani, na wengi wenu amewashonea sare. Kitanda chake kilikuwa cha dirishani. Mkewe alikuwa kazini chini yake, sakafu moja tu kati yao, lakini kanuni ilisema mhudumu wa wodi moja asikanyage wodi nyingine. Aliomba ruhusa. Akaambiwa kanuni ni kanuni, na kwamba yeye kama kiongozi awe mfano. Akawa mfano. Zamu ikiisha alioga, akavaa gauni la njano aliloshonewa na mumewe kwa ajili ya harusi ya binti yao, akasimama uani na wenzake, akitazama juu kwenye kioo cheupe.

Nilimwambia mgonjwa wangu kwamba mkewe yuko chini. Pumzi yake ilikuwa ya shida. Lakini fundi cherehani ana kucha ya dole gumba aliyoikuza kwa kukandamizia mishono, na kwa kucha hiyo akaanza kukwangua rangi, hapo usawa wa mto. Alikwangua, akapumzika, akakwangua. Nilipaswa kumkataza. Nilimshikia barakoa ya oksijeni isichomoke. Ilipotokea tundu ya kutosha jicho moja, akalisogeza, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, na ndiyo maneno aliyonituma:

"Njano ile. Amekonda, kiuno kinaelea. Mwambie alete nimpunguzie."

Alifariki kesho yake mchana. Nilimtandikia shuka mwenyewe, kona zote nne.

Mama Kona aliomba mapumziko. Ofisi ikamjibu kwamba wanaotakiwa kukaa nyumbani ni wale waliomgusa mgonjwa, na kwa kuwa yeye hakumgusa mumewe tangu alazwe, hakuna sababu ya kitaalamu ya kumzuia kazini. Kanuni iliyomzuia kupanda ngazi ndiyo iliyomrudisha zamu. Mazishi yalifanywa na watu wa plastiki. Siku iliyofuata alikuwa wodini, akivuta kona, na tulipompa pole alisema asante na kuuliza nani amempa dada wa kitanda cha mwisho maji. Nilimpelekea yale maneno ya mumewe nikiwa nimesimama mbali kama tulivyoamrishwa. Akalia kwa ndani ya miwani ile ya plastiki, ambapo huwezi hata kujifuta.

Gonjwa lilikwisha, vyeti vikatolewa, hotuba zikasomwa. Tangu hapo, kila kikao cha wafanyakazi, Mama Kona amesimama na ombi moja tu: rangi iondolewe kwenye madirisha. Hakuomba cheo wala nyongeza. Kila kikao jibu lilikuwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Kwetu juu ile tundu ilibaki. Wagonjwa wapya walikuwa wakigombea kitanda kile bila kujua habari yake, wakisema tu kwamba pale kuna kamwanga. Yeye kila alipopanda kwetu kikazi alipitia pale, akainama, akatazama uani, akaendelea na shughuli zake.

Wiki iliyopita suala lilishughulikiwa. Kwa ajili ya wageni watakaokuja kwenye sherehe ya kuwaaga wastaafu, jengo lilipakwa rangi, na madirisha nayo yakapigwa kwa ndani mkono mpya wa rangi nyeupe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji tumezibwa tundu.

Juzi Mama Kona alikuja wodini kwetu kuaga. Aliwapa wagonjwa mikono mmoja mmoja, mpaka akafika dirishani. Akakiona kioo. Alikuwa na ufunguo wa kabati la mashuka, ambao alitakiwa kuukabidhi siku hiyo. Akamwomba radhi mzee aliyelala pale, akapiga goti pembeni ya mto, akaanza kukwangua. Hakuna aliyemzuia. Yule mzee alisogea kumpa nafasi. Alipomaliza aliinuka, akavuta kona ya shuka la mzee, akaikunja upya, akashuka zake stoo.

Mtunza stoo alipoupokea aliona meno ya ufunguo yamejaa weupe, akauliza ni nini.

"Rangi ya hospitali," akamwambia. "Nawarudishia."

Jioni hiyo tulitumiwa tangazo linalomtaka aliyeharibu dirisha la wodi ya wanaume ajitaje. Kwa niaba ya wauguzi wenzangu naomba kutumia nafasi hii ya jarida kujibu: ni sisi sote, na tunazo funguo nyingi.

Mama Kona, ofisi itakupa saa ya ukutani, wewe ambaye hukuwahi kutoka kazini kwa wakati. Ipokee, usiseme kitu. Sisi tunakushukuru kwa vitanda ulivyogeuza, na kwa kila aliyekufa ameona japo rangi ya mtu wake. Tunakuombea usingizi mrefu na miguu isiyovimba. Ukija kututembelea, usipitie getini kwa wageni. Pitia uani, na uvae njano. Na gauni usilipeleke kwa fundi mwingine.