Picha ya Kokulinda

Asubuhi hiyo kwenye benchi letu la Pasiansi, mkabala na duka la dawa, kahawa ya Sada ilikuwa bado ya moto na mada ilikuwa moja tu: Mzee Kaijage. Ni mpiga picha za sura za watu. Amewapiga picha wakazi wa kando ya ziwa tangu enzi za filamu, na wiki hii picha zake zimetundikwa kwenye ukumbi mmoja mjini, watu wanatoka mpaka Dar kuja kuzitazama. Akapita Precious, binti aliyenunua kamera ya mtumba juzijuzi.

— Shikamooni, wazee. Hivi mtu afanye nini mpaka apige picha kama za Mzee Kaijage?

— Marahaba. Kaa hapo, akasema Ngosha, fundi pikipiki. Siri ni lenzi. Yule mzee ana lenzi ya Kijerumani, aliuziwa na padri. Kwa hicho kidude chako utahangaika sana.

Abubakary tunamwita Daktari kwa sababu ana jibu la kila kitu.

— Lenzi wapi, akasema. Ni mwanga wa ziwa. Asubuhi maji yanalirudisha jua usoni, hata mimi natoka kijana.

— Wewe? Jua lenyewe litagoma, akasema Ngosha.

— Halafu filamu zake, Daktari akaendelea, alikuwa anaziosha kwa maji ya ziwa. Yale maji yana kitu ndani. Ndiyo maana nyuso zake hazichuji.

— Basi sangara wote wangekuwa warembo, Sada akasema huku akimmiminia.

Tukacheka. Rwehumbiza, mwalimu mstaafu, mtu wa Bukoba, hakucheka. Aliweka kikombe chini.

— Precious, mwanangu, ngoja nikwambie yaliyotokea kwangu. Kokulinda, kitinda mimba wangu, aliunguzwa shavu na mafuta ya kukaangia. Tangu hapo hakutaka kamera imwone. Siku ya mahafali yake chuoni alijificha nyuma ya wenzake. Mama yake alilia sana, akaenda kumwomba Mzee Kaijage.

— Akaja kumpiga, akadakia Ngosha.

— Alikuja. Akala ndizi na sisi, akamuuliza binti habari za masomo, akaaga. Kamera hakuitoa kwenye begi.

— Sasa alifuata nini?

— Hata mimi nilijiuliza. Akaja tena. Safari hii akaitoa, akampa Kokulinda. Akamwambia, "Nipige mimi kwanza. Jicho moja bovu, meno yameondoka. Nione utanifanyaje." Binti akapiga, akamkata kichwa pichani. Walicheka mpaka Kokulinda akakaa chini. Alipotulia akasema, "Haya, zamu yangu. Na usinigeuze upande."

Daktari akasogea karibu asikie vizuri.

— Ndiyo picha utakayoikuta mlangoni pale ukumbini, Rwehumbiza akaendelea. Ruhusa alitoa binti mwenyewe. Jumamosi alisimama pembeni yake, watu wanatazama picha, wanamtazama yeye, na shavu hakulifunika. Mama yake alinishika mkono. Mimi nilikuwa natazama sakafu tu.

— Kwa hiyo lenzi si kitu, Ngosha akasema taratibu.

— Lenzi ilisaidia. Ila ilikubali kusubiri.

Precious alikuwa ameilaza kamera yake mapajani.

— Mwalimu, na wale waliokataa kabisa? Hao aliwafanyia nini?

Pale ukumbini wamo waliokubali tu.

— Hilo silijui, mama, akasema Rwehumbiza. Mzee mwenyewe yuko Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kwa dada yake. Panda kivuko ukamuulize. Na umwambie Baba Kokulinda anashukuru.

— Kwani hukumshukuru?

— Nilimshukuru. Wewe mwambie tena.